Ufikiaji wa faili za chuo kupitia kivinjari

Ufikiaji wa faili za chuo kupitia kivinjari ni njia inayomwezesha mwanafunzi, mhadhiri au mtumishi wa chuo kufungua, kupakua na kuhifadhi faili zake zilizo kwenye seva ya chuo akiwa mahali pengine, kwa kutumia kivinjari cha kawaida kama Firefox, Chrome au Opera. Mtumiaji huandika anwani ya tovuti, huingiza jina lake la mtumiaji na nywila, kisha huona kwenye ukurasa folda zilezile ambazo angeziona akiwa ameketi katika maabara ya kompyuta ya chuo. Hahitaji kusakinisha programu yoyote kwenye kompyuta au simu anayoitumia.

Njia hii ina umuhimu wa pekee mahali ambapo makao ya chuo yako mbali na wanaosoma. Katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, kusini-magharibi mwa Tanzania, umbali huo upo mara mbili: kati ya mwanafunzi na kampasi au kituo cha Sumbawanga, na kati ya Sumbawanga na makao makuu ya chuo chenyewe.

Mazingira ya Ufipa

Ufipa ni uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga, ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ndio makao makuu ya Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa mwaka 1974.

Elimu ya chuo kikuu hapa hutolewa na matawi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) kina Kampasi ya Rukwa, lakini makao yake makuu yako Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kwa barabara inayopita Tunduma. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania (OUT), kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili kufundisha watu walipo, kina kituo cha mkoa Sumbawanga, na makao yake makuu yako Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo.

Wanafunzi nao wametawanyika. Mwalimu wa sekondari anayesoma huku akifanya kazi anaweza kuwa Matai katika Wilaya ya Kalambo, Namanyere katika Wilaya ya Nkasi, Laela kwenye barabara ya Tunduma, au Kasanga na Kirando kandoni mwa Ziwa Tanganyika. Wengine wako bondeni, chini ya ukingo mrefu wa Lyamba lya Mfipa, katika vijiji kama Muze na Mtowisa. Kupanda hadi Sumbawanga kufuata faili moja ni kupoteza siku nzima na nauli, na wakati wa mvua, kati ya Novemba na Aprili, barabara za vumbi huweza kuifanya siku hiyo kuwa mbili.

Mbadala wa kawaida ni flashi, barua pepe au WhatsApp. Zote zinafaa kwa faili moja inayotumwa mara moja. Shida huanza pale kazi inapokuwa na sura tano, majedwali ya takwimu na masahihisho ya msimamizi, kila moja katika toleo lake, na hakuna mwenye uhakika lipi ndilo la mwisho.

Historia

Kushirikiana faili kwenye mtandao wa ndani kulianza kabla ya wavuti. Katika miaka ya 1980 zilitokea njia tatu zilizoenea: NetWare ya kampuni ya Novell, NFS ya kampuni ya Sun, na SMB iliyobuniwa IBM na baadaye kuwa njia ya kawaida ya Windows. Zote zilitengenezwa kwa kompyuta zilizo katika jengo moja au kampasi moja, zilizounganishwa kwa waya wa kasi.

Wavuti ilianza kwa matumaini tofauti. Kivinjari cha kwanza, kilichoandikwa na Tim Berners-Lee huko CERN mwaka 1990, kiliweza kusoma kurasa na pia kuzihariri. Vivinjari vilivyofuata na kupata umaarufu viliacha sehemu ya kuhariri, na wavuti ikawa mahali pa kusoma tu. Mwaka 1999 ilitangazwa itifaki ya WebDAV, nyongeza ya HTTP iliyorudisha uwezo wa kuandika: kuhifadhi faili kwenye seva, kuunda folda, kuhamisha, na kufunga faili ili watu wawili wasiihariri kwa wakati mmoja. Toleo lake la sasa ni la mwaka 2007.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 vyuo vya Marekani na Ulaya vilianza kuweka kurasa za namna hii mbele ya seva zao za faili. NetStorage ya Novell ilikuwa mojawapo ya programu zilizotumika sana. Baadaye zilikuja programu huria ambazo chuo chochote kinaweza kuzisakinisha bila kulipia leseni: ownCloud mwaka 2010, na Nextcloud iliyochipuka kutoka humo mwaka 2016.

Nchini Tanzania kikwazo kikubwa kilikuwa njia ya mawasiliano. Hadi mwaka 2009 intaneti ya nchi ilitegemea satelaiti kwa sehemu kubwa. Ishara inayopanda kwenye satelaiti iliyo kilomita 36,000 juu ya ikweta na kushuka, kisha jibu likarudi kwa njia hiyohiyo, hutumia karibu nusu sekunde. Kwa ukurasa mmoja wa wavuti hilo linavumilika. Kwa itifaki kama SMB ya zamani, ambayo huulizana na seva mara nyingi ili kufungua folda moja tu, ni sawa na kungoja kivuko kila hatua. Kebo ya baharini ya SEACOM ilifika Dar es Salaam Julai 2009, ikafuatiwa na EASSy mwaka 2010, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kupeleka uwezo huo mikoani. Vyuo na taasisi za utafiti vina chombo chao cha pamoja, TERNET, ambacho ni mwanachama wa umoja wa kikanda wa UbuntuNet wenye makao Malawi.

Jinsi inavyofanya kazi

Seva yenye faili haiwekwi wazi kwenye intaneti. Inabaki ndani ya mtandao wa chuo, ikizungumza SMB au NFS na kompyuta za ndani tu. Kati yake na ulimwengu wa nje huwekwa kompyuta nyingine, inayoweza kuitwa lango. Lango lina nyuso mbili: upande wa nje linajua HTTPS pekee, lugha ya kivinjari chochote, upande wa ndani linajua lugha ya seva ya faili.

Mwanafunzi aliyeko Namanyere anapobonyeza jina la folda, kivinjari chake hutuma ombi lililosimbwa fiche hadi kwenye lango. Lango huangalia kama bado ameingia kwenye akaunti yake, huiuliza seva ya faili orodha ya vilivyomo kwa niaba yake, kisha hugeuza jibu kuwa ukurasa wa wavuti. Akibonyeza faili, lango huisoma kutoka ndani na kumtumia. Jina na nywila havikaguliwi na lango lenyewe bali na saraka ya watumiaji ya chuo, ileile inayotumika katika maabara. Kwa hiyo mwanafunzi haoni ila kile alichoruhusiwa kuona: folda yake binafsi, na zile za kozi alizosajiliwa.

Kwa nini lango, na si kufungua njia ya SMB moja kwa moja? Jibu lilitolewa kwa ukali Mei 2017, wakati virusi vya WannaCry viliposambaa duniani kwa kutumia dosari katika toleo la zamani la SMB na kufunga faili za hospitali, makampuni na vyuo. Tangu hapo watoa huduma wengi na wasimamizi wa mitandao huzuia SMB isitoke nje kabisa. HTTPS, kinyume chake, hupita karibu kila mahali, kwa sababu kuizuia ni kuzuia wavuti yote. Hiyo ndiyo faida isiyoonekana ya kivinjari: hufanya kazi kwenye simu janja yenye bando, kwenye kompyuta ya ofisi ya halmashauri, na kwenye kompyuta ya steshenari.

Nakala mbili za faili moja

Kosa linalopoteza kazi nyingi kuliko mengine yote halitokani na wadukuzi wala kukatika kwa umeme, bali na kutoelewa mahali faili ilipo.

Katika maabara ya chuo, mwanafunzi anapofungua sura ya tasnifu yake kutoka kwenye folda ya mtandao, programu ya kuandikia huishika faili iliyo kwenye seva. Akihifadhi, mabadiliko huenda kwenye seva. Kupitia kivinjari mambo ni tofauti. Akibonyeza faili ileile, kivinjari hupakua nakala na kuiweka kwenye folda ya vilivyopakuliwa ya kompyuta anayoitumia. Programu ya kuandikia hufungua nakala hiyo. Akiandika kwa saa tatu na kubonyeza hifadhi, programu haitoi onyo lolote, kwa sababu imehifadhi kweli, lakini kwenye kompyuta ya mwenye steshenari. Faili ya chuoni imebaki kama ilivyokuwa asubuhi. Kuna steshenari zenye programu zinazorudisha kompyuta katika hali yake ya awali kila inapozimwa. Hapo nakala hiyo hupotea jioni ileile.

Kwa sababu hiyo kazi kupitia kivinjari ina mwisho wa lazima: kuipakia upya faili kwenye folda ya chuo, kisha kuangalia tarehe na ukubwa wake kwenye orodha kabla ya kutoka. Mifumo mingi huuliza kama faili mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani au ihifadhiwe kwa jina lingine. Anayechagua jina lingine kila mara kwa hofu hujikuta baada ya mwezi ana faili kumi zinazofanana.

Watu wawili wakiwa na faili moja tatizo huongezeka. Msimamizi aliyeko Mbeya na mwanafunzi aliyeko Sumbawanga wakipakua sura moja Jumatatu na kila mmoja akapakia masahihisho yake Jumatano, wa mwisho kupakia hufuta kazi ya mwenzake. Mifumo bora hutunza matoleo yaliyotangulia kwa muda fulani, na hapo sura iliyofutwa hurudishwa. Mingine huwa na kihariri ndani ya kivinjari chenyewe, ambamo kinachoandikwa huenda kwenye seva moja kwa moja. Hicho huondoa tatizo la nakala, ila hudai mtandao usiokatika.

Kasi na umeme

Muda wa kupakua unaweza kukadiriwa kwa hesabu rahisi. Faili ya megabaiti 20, kwa mfano tasnifu yenye picha na ramani, ina megabiti 160. Kwenye mtandao unaotoa megabiti 1 kwa sekunde itachukua sekunde 160 bila kuhesabu ucheleweshaji. Pale ambapo simu imeshuka hadi kizazi cha pili na kutoa labda kilobiti 200 kwa sekunde, faili hiyohiyo itachukua zaidi ya dakika 13, na bando litalika hata kama upakuaji utakatika dakika ya 12. Kupakia huwa polepole zaidi ya kupakua kwenye mitandao mingi ya simu.

HTTP ina dawa ya sehemu ya tatizo hili: kivinjari kinaweza kuomba kipande cha faili kuanzia pale kilipoishia, na seva nyingi hukubali. Kwa upande wa kupakia, mifumo kama Nextcloud hukata faili kubwa vipande vipande, ili mtandao ukikatika kipande kimoja tu ndicho kirudiwe. Mfumo usio na uwezo huo haufai sana kwa vijiji vya bondeni, hata kama unasifiwa mahali penye nyaya za nyuzi.

Minara ya vijijini hujengwa kwa sehemu kwa ruzuku ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF); mwaka 2023 serikali na kampuni za simu zilitia saini makubaliano ya kujenga minara 758 katika kata mbalimbali nchini. Mnara peke yake hautoshi. Kwa miaka mingi Sumbawanga haikuwa kwenye gridi ya taifa, na umeme wake ulitoka Zambia kupitia Mbala pamoja na jenereta za dizeli. Umeme ukikatika upande wa mwanafunzi, anaweza kuendelea na simu yenye chaji. Ukikatika mahali seva ilipo na betri za akiba zikaisha, hakuna anayeingia, awe Kasanga au London. Hii ndiyo hoja kubwa ya kuweka seva katika kituo cha data chenye umeme wa uhakika, badala ya chumba kidogo cha kampasi, ingawa kwa waliomo kampasini seva ya karibu huwa ya kasi zaidi na haitumii njia ya nje.

Mahali seva ilipo kuna athari nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja, na intaneti nchini Tanzania ikashuka sana. Faili zilizohifadhiwa kwenye kompyuta za nchi za nje hutegemea kebo hizo. Zile zilizo kwenye seva ya ndani ya nchi zinaweza kufikiwa kwa njia za ndani, ikiwa kampuni ya simu na chuo vinakutana katika kituo cha kubadilishana data kama TIX cha Dar es Salaam.

Usalama

Alama ya kufuli kwenye kivinjari huonyesha kwamba mawasiliano yamesimbwa fiche na kwamba anwani inayoonekana ndiyo yenye cheti. Haithibitishi kwamba anwani hiyo ni ya chuo. Kurasa za kughushi zenye nembo ya chuo huweza kuwa na kufuli pia, hivyo kinachopaswa kusomwa ni anwani yenyewe. Vyuo vya Tanzania kwa kawaida huishia na.ac.tz.

Kompyuta za watu wengine ndizo hatari ya kila siku. Kivinjari kinaweza kukumbuka nywila kwa kubonyeza mara moja tu, na anayefunga dirisha bila kutoka kwenye akaunti humwachia anayefuata folda zote zikiwa wazi. Nakala zilizopakuliwa hubaki. Dirisha la faragha husaidia kwa sababu husahau vidakuzi na historia linapofungwa, lakini halifuti faili iliyokwisha kupakuliwa, jambo ambalo watu wengi hawalijui. Kwa mhadhiri anayefungua orodha ya alama za wanafunzi uzito ni mkubwa zaidi: alama ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kuingia kwenye mfumo kwa akaunti ya mtu mwingine bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Uthibitisho wa hatua mbili, ambapo nywila hufuatiwa na namba inayotumwa au kutengenezwa kwenye simu, hupunguza hatari hizi kwa kiasi kikubwa. Namba inayotengenezwa na programu kwenye simu haihitaji mtandao, hivyo hufaa zaidi pale ujumbe mfupi unapochelewa.

Lango lenyewe huweza kushambuliwa, kwa kuwa liko wazi kwa dunia nzima. Kuanzia Desemba 2020 wahalifu walitumia dosari katika programu ya kuhamishia faili ya kampuni ya Accellion, iliyokuwa na umri wa karibu miaka 20, na kuiba taarifa za taasisi nyingi, vikiwemo Chuo Kikuu cha California na Chuo Kikuu cha Colorado. Mei 2023 lilifuata shambulio kubwa zaidi dhidi ya programu ya MOVEit. Chuo kinachofungua huduma hii na kisha kukosa mtu wa kusasisha programu kinajiweka pabaya kuliko chuo kisichokuwa nayo.

Kulinganisha na VPN

VPN, yaani mtandao binafsi pepe, huifanya kompyuta ya mbali ijione kana kwamba iko ndani ya chuo. Folda za mtandao hufunguka kama kawaida, na tatizo la nakala mbili halipo. Lakini huhitaji programu, mipangilio na ruhusa ya kusakinisha, vitu ambavyo mtumiaji wa steshenari hana. Vilevile kompyuta yenye virusi ikiingia kwa VPN huvileta ndani, wakati kwa kivinjari kinachopita ni faili moja moja.

Nchini Tanzania kuna suala la kisheria pia. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ikirejea Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2020, ilitaka watu na makampuni wanaotumia VPN kwa shughuli halali kuzisajili kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kufungua folda kupitia ukurasa wa HTTPS si kutumia VPN.

Mifumo inayofanana nayo

Huduma hii huchanganywa mara nyingi na mifumo mingine ya chuo inayofunguliwa kwa kivinjari. Moodle, iliyotoka mwaka 2002 na inayotumiwa na OUT miongoni mwa vyuo vingine, hupangwa kwa kozi: mhadhiri huweka maelezo, mwanafunzi hukabidhi kazi, na haikusudiwi kuwa ghala la rasimu zake. Hazina ya machapisho ya chuo, kama ile ya OUT yenye tasnifu zilizokamilika, iko wazi kwa msomaji yeyote na haihitaji nywila kwa sehemu kubwa.

Majarida ya kulipia ni jambo jingine tena. Wachapishaji hutambua chuo kwa anwani ya mtandao wake, hivyo mwanafunzi aliye nyumbani huonekana mgeni. Programu kama EZproxy, iliyoanza mwaka 1999, humpitisha katika seva ya chuo ili atambuliwe. Mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya, hufunguliwa pia kwa jina na nywila ya taasisi, ambayo hutolewa na mkutubi.